Falsafa iliyojificha kwenye vichekesho vya kisayansi: tunaichomoaje bila kuua utani?

Msoma_Nyota

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna duara la wasomaji 12 linaloanza mwezi ujao: vikao vinne, kila kimoja dakika 90. Mada ni falsafa ndani ya hadithi za kisayansi za kuchekesha. Vitabu ni The Hitchhiker's Guide to the Galaxy cha Douglas Adams (1979), kile kinachokifuata cha 1980, na The Cyberiad cha Stanisław Lem, kilichotoka Poland mwaka 1965 na kuingia Kiingereza 1974 kwa mkono wa Michael Kandel. Mazungumzo yatakuwa kwa Kiswahili, na nusu ya washiriki watasikia vifungu kwa Kiswahili tu, vikisomwa kwa sauti.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Utani wenye hoja ndani yake unajulikanaje, na upi ni wa kuchekesha tu?
2. Ile 42 ina maana gani hasa? Kila unayemuuliza ana jibu lake.
3. Vifungu gani vinavumilia Kiswahili, na vipi vinafia njiani?

---

Bundi_Mkavu

Naanza na la kwanza, la pili litajijibu humo humo.

Chukua kifungu ukiandike upya kwa sentensi tatu au nne kavu, bila jina la sayari wala kiumbe wa ajabu. Kikibaki na umbo la "ikiwa hivi, basi vile", kuna hoja. Likibaki tukio tu, cheka upite. Ukishapata hoja, tafuta mahali ilipolegezwa. Mwandishi mzuri wa vichekesho havunji kila kitu. Anaacha madai yote yawe ya kawaida kabisa, analegeza nati moja, halafu anaendesha kwa mwendo ule ule. Kazi ya msomaji ni kuitafuta nati.

Sasa 42. Viumbe fulani wanaunda kompyuta kubwa, Deep Thought, na kuiomba jibu la maisha, ulimwengu na kila kitu. Inafikiri miaka milioni saba na nusu, inasema: 42. Wanahamaki. Mashine inawaambia kwa upole kwamba imekagua vizuri na jibu ndilo hilo. Shida ni kwamba hawakuwahi kujua swali lenyewe. Ikaushe:

(a) Jibu huwa sahihi kwa swali fulani, si hivi hivi tu.
(b) "Maisha, ulimwengu na kila kitu" si swali. Ni orodha ya vitu.
(c) Kwa hiyo hakuna jibu litakalomridhisha aliyeuliza hivyo, hata likiwa sahihi.

Nati iliyolegezwa ni (b), na imelegezwa mbele ya macho yetu, kurasa kadhaa kabla ya namba yenyewe kutajwa. Ndiyo maana wasomaji wengi huishia kuichimba namba na kuliruka swali. Mwanafalsafa Wittgenstein alilisema bila kucheka mwaka 1921: jibu lisipoweza kutamkwa, na swali lake haliwezi kutamkwa. Robert Sheckley alikuwa ameshalifanya hadithi fupi mwaka 1953, Ask a Foolish Question, yenye mashine inayojua kila kitu lakini haiwezi kuwajibu wanaokuja, kwa sababu kuuliza swali sawasawa kunahitaji uwe tayari na sehemu kubwa ya jibu. Ni kurasa chache, isomwe kikao hicho hicho.

Kwa Kiswahili tuna chombo tayari cha kulieleza hili: kitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa unatoa mji. Deep Thought imetegua kabla ya kutegewa. Fungua kikao kwa kutaja jibu la kitendawili ambacho hujatega, kisha uulize kama ni sahihi. Tahadhari moja: usiseme "yai". Watakurudishia "nyumba yangu haina mlango" kabla hujafunga mdomo, na mfano wako umekufa, kwa sababu jibu lile linabeba swali lake mgongoni. Sema "stempu" au "bawaba", halafu nyamaza nusu dakika.

---

kalamu_ya_mkaa

Naingia kwenye swali la 3, maana hapo ndipo palipo na nyama.

Kiswahili ni kipimo kizuri mno cha vitabu hivi kwa sababu hakitendei "kuwa" kama Kiingereza kinavyokitendea. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kusema "yeye ni mwalimu" na "yeye yupo". Sisi tunatenganisha: ni/si kwa upande mmoja, -po/-ko/-mo kwa upande mwingine. Sehemu kubwa ya mizaha ya kifalsafa inaishi kwenye ule mshono, kwa hiyo ukitafsiri, ama inapasuka ama inanoga zaidi.

Unaopasuka: samaki wa Babel, wa Adams. Ukimtia sikioni unaelewa lugha zote. Kitabu kinasema kiumbe chenye manufaa hivyo hakiwezi kutokea kwa bahati, kwa hiyo ni ushahidi wa Mungu. Kisha Mungu anakataa kujithibitisha, kwa kuwa uthibitisho unaondoa imani, na bila imani yeye si kitu. Mtu anamwonyesha samaki, Mungu anakiri hakulifikiria hilo, anatoweka mara moja. Hoja ya kwanza ni dhihaka kwa William Paley (1802), aliyedai kwamba kama saa iliyookotwa mbugani ni ushahidi wa fundi, viumbe ni ushahidi wa Mungu. Ya pili ndiyo yenye hila. Kwa Kiingereza "si kitu" inateleza hadi "hayupo" bila mtu kushtuka. Kwa Kiswahili "si kitu" ndilo neno tunalomwambia mtu aliyetukanyaga mguu. Maana yake haina uzito. Kutoka "sina uzito" hadi "sipo" kuna hatua ndefu, na msikilizaji wa Kiswahili anaiona. Usijaribu kuificha. Tafsiri "bila imani mimi si kitu", kisha "basi hupo", uwaache washiriki wenyewe wapige kelele kwamba hapo pameibiwa. Huo ndio uchambuzi, na umeupata bure.

Kipande kinachofuata hakipotezi hata punje: mtu yule yule, kwa kiburi cha ushindi, anathibitisha kwamba nyeusi ni nyeupe, anagongwa kwenye kivuko cha zebra kilicho mbele yake. Huhitaji maelezo yoyote hapo.

Unaonoga: majoka ya Lem. Wataalamu wake wanagundua kwamba majoka hayapo, na kwamba yako ya aina tatu, kila aina ikiwa na namna yake ya kutokuwapo. Kwa Kipoland aina hizo zimetajwa kihisabati: ya sifuri, ya kudhania kama kipeuo cha pili cha -1, na ya hasi. Mtafsiri wa Kiingereza alizipa majina mengine. Sisi sarufi imetupa zawadi: joka halipo, joka haliko, joka halimo. La kwanza halipo mahali hapa panapojulikana, la pili haliko popote, la tatu halimo ndani. Ukisoma hivyo kwa sauti watu watacheka kabla ya kueleza, na swali la mwanafalsafa Meinong, kwamba visivyokuwapo vinaweza kutofautiana vipi, litakuwa limeshaulizwa.

Unaokufa usipoushika vizuri: mashine ya herufi N. Kwa Lem, Trurl, roboti fundi, anaunda mashine inayoweza kutengeneza chochote kinachoanza na N. Rafiki yake Klapaucius, roboti mwenzake, anaitegea kwa kuiagiza itengeneze "nic", yaani ile hakuna-kitu. Mashine inasimama kimya. Klapaucius anasema imeshindwa, mashine inamjibu kwamba kazi imeshaanza, na kweli vitu vinapotea kimoja kimoja. Akiiomba irudishe, inaweza kurudisha vya N tu. Mpaka leo, kwa mujibu wa hadithi, ulimwengu una matundu.

Kiingereza kilibahatika, neno lao nalo linaanza na N. Letu ni "hakuna", na hilo si jina la kitu. Ni ku- ya mahali, kanushi, na "na". Huwezi kumwambia fundi "nitengenezee hakuna". Hiyo ndiyo lawama ya mwanafalsafa Rudolf Carnap dhidi ya mhadhara wa mwenzake Heidegger wa 1929: kwamba alilichukua neno la kukanusha akalivika nguo za nomino, kisha akaanza kueleza linafanya nini. Kiswahili kimempa Carnap ushindi kabla ya mechi, lakini utani umekwenda na maji.

Dawa ya kwanza inayokuja akilini ni kutumia U, "utupu". Usitumie. Utupu pia ni uchi, na darasa litacheka mahali pasipo. Zaidi ya hapo utupu ni hali ya chombo kilichomwagwa. Bado kuna mtungi. Tumia K, "kutokuwapo". Mashine ianze na kikombe, kufuli na kamba, iende kujua na kusahau, ifike huko. Kitenzi-jina kinabeba kitu ambacho hata neno lile la Kiingereza halina: kinasikika kama kitu na kama kitendo kwa wakati mmoja, na fumbo lote la hadithi ni kama mashine iliyosimama kimya inafanya au haifanyi. Mwishoni irudishe kuku, kisu na kengele. Nyota hazirudi.

---

Chui_wa_Kabati

Bundi na Kalamu mmetoa vitu vizito, ila naomba kutia breki kidogo.

Hatari kubwa ya vikao vya namna hii ni kukuta hoja kila kona. Mfano ni hiyo hiyo 42. Mwishoni mwa kitabu cha pili swali linachomolewa kwa herufi kwenye mfuko: sita mara tisa ni ngapi? Ni 54, watu wanajua. Kisha akatokea mjanja akaona kwamba ukihesabu kwa mafungu ya 13 badala ya 10, 54 inaandikwa 42, yaani mafungu manne ya 13 ni 52, na baki 2. Hesabu ni sahihi. Lakini Adams aliikana, akasema yeye haandiki mizaha ya mafungu ya 13, na mwaka 1993 alieleza kwamba alitaka tu namba ndogo, ya kawaida, isiyo na chochote. Hoja ya Bundi inahitaji hivyo hasa. Namba ingekuwa 7 au 40, zenye historia ndefu kwenye dini, wasomaji wangepata pa kushika na swali lisilokuwapo lingesahaulika.

Kwa hiyo kipimo cha Bundi kiongezewe kingine: badilisha sehemu moja ya utani uone kama hoja inahama. Weka 37 mahali pa 42: hoja haiguswi, basi namba si hoja. Weka swali kamili mahali pa "maisha, ulimwengu na kila kitu": hoja inaanguka. Hapo umejua mzigo uko kichwa gani.

Nyangumi wa kitabu cha kwanza anayezuka angani na kuanguka huku akivipa vitu majina, akifika kwenye ardhi anajiuliza kama itakuwa rafiki yake, huyo yupo katikati. Kuna kitu pale kuhusu akili kujifunza dunia kwa mifano michache mno. Lakini ukimkalisha mezani dakika 40 utamuua mara ya pili.

---

Msoma_Nyota

Shukrani sana wakuu. Kalamu, hiyo ya halipo, haliko, halimo naiiba.

Naomba mpangilio wa vikao. Nilifikiria yule ng'ombe wa kitabu cha kwanza awe kikao cha kwanza, watu wachangamke.

---

mzee_wa_mantiki

Ng'ombe yuko kitabu cha pili, cha 1980, kwenye mkahawa ulio mwisho wa ulimwengu. Na usianze naye. Mjadala wa kula nyama ukifunguliwa siku ya kwanza, utakula na vikao vilivyobaki.

Cha kwanza kiwe notisi. Nyumba ya Arthur Dent, mhusika mkuu wa Adams, inabomolewa kupisha barabara. Anaambiwa ramani ilikuwa wazi kwa umma. Ilikuwa chini, ngazi hazipo, taa hazipo, ndani ya kabati lililofungwa, kwenye choo kisichotumika, mlangoni kibao cha kumwonya mtu kuhusu chui. (Salamu, Chui.) Kurasa chache baadaye Dunia nzima inavunjwa kwa sababu ile ile, na ramani zilikuwa Alpha Centauri kwa miaka 50. Alpha Centauri iko zaidi ya miaka minne ya nuru kutoka hapa. Soma vifungu viwili sambamba, dakika 15. Kisha uliza: ofisi imedanganya? Haijadanganya. Mwanasheria Lon Fuller mwaka 1964 aliorodhesha masharti manane ambayo yakikosekana hakuna kinachostahili kuitwa sheria, na kutangazwa ni mojawapo. Waache wabishane kama tangazo lisilofikika ni tangazo. Hakuna atakayekosa la kusema.

Cha pili ni 42 na samaki, kama walivyoeleza hapo juu. Ukibakiwa na muda, ongeza wale wanafalsafa wanaotishia mgomo dhidi ya Deep Thought wakidai mipaka thabiti ya mashaka na kutokuwa na hakika.

Cha tatu, ng'ombe. Mnyama anakuja mezani mwenyewe, anapendekeza kiungo kilicho kitamu, amezalishwa ili atake kuliwa na aweze kusema hivyo. Arthur anachukizwa. Zaphod, mwenzake mezani, anauliza kama ni bora kumla asiyetaka. Arthur anaagiza saladi, na ng'ombe anamkumbusha kwamba kuna mboga nyingi zenye msimamo mkali kuhusu jambo hilo.

Hapa watu watagawanyika haraka kati ya walaji nyama na wasiokula, na utapoteza saa nzima. Wazuie kwa swali moja: nani aliiweka ile hamu? Ridhaa huhesabika kwa sababu inatoka kwa mwenye nayo. Hii imepandwa na mpishi. Mwanafalsafa Jon Elster alitumia kitabu kizima cha 1983 kueleza matakwa yanayojikunja kufuata uwezekano, na jina alilokipa ni ile ngano ya zabibu ambayo sisi tunaijua kwa "sizitaki mbichi hizi". Lakini kuwa mwangalifu, ng'ombe si sungura. Sungura alikuwa na hamu, ikashindikana, akaigeuza. Ng'ombe hakuwahi kuwa na hamu nyingine. Basi huwezi kusema amenyimwa alichokitaka, na bado chukizo la Arthur haliondoki. Linatoka wapi? Kaa hapo dakika 30. Atakayesema "mateso ndiyo kipimo" amesimama na mwanafalsafa Bentham, na Bentham hapa hana msaada, kwa kuwa ng'ombe anaondoka kwa furaha kwenda kujipiga risasi.

Cha nne ni sanduku la Trurl, hadithi ya safari ya saba katika kitabu cha Lem. Mfalme dhalimu amefukuzwa kwake. Trurl, kwa huruma, anamtengenezea ufalme mdogo ndani ya sanduku, wenye raia, miji na vita, ili atawale bila kumdhuru mtu. Anarudi nyumbani akijisifu. Klapaucius anamuuliza: umejuaje kwamba hawaumii? Trurl anajibu kwamba ni mirukaruko ya elektroni tu. Klapaucius anamgeuzia: na sisi ni nini? Wakirudi kukagua, wanakuta raia wameshatoka sandukuni.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza, kuligeuza somo la akili unde za leo. Ndani ya dakika tano mnazungumzia simu. Lirudishe kwenye muundo: Trurl anadai kwamba kuiga kikamilifu bado ni kuiga. Uliza kuiga kumekosa nini ili kuwe kitu chenyewe, na kila anayejibu "hisia" aeleze angepimaje kwa jirani yake wa kulia. La pili, kuliona kama shambulio kwa Trurl pekee. Mfalme je? Yeye aliamini ni kichezeo, au alijua na ndiyo raha yenyewe? Hadithi hii ilichapwa tena mwaka 1981 ndani ya The Mind's I, mkusanyo wa Hofstadter na Dennett, pamoja na makala ya John Searle ya chumba cha Kichina, inayodai kwamba kufuata kanuni za alama si kuelewa. Zisome pamoja, Searle yuko upande wa Trurl kuliko anavyopenda ionekane.

Ile mashine ya kitabu cha pili inayomwonyesha mtu udogo wake mbele ya ulimwengu wote hadi akili inalipuka, mimi ningeiacha. Inavutia, ila mwanafalsafa Thomas Nagel aliikata miguu mwaka 1971: tungekuwa wakubwa kujaza ulimwengu wote, maisha yangepata maana? Swali moja, kikao kimeisha.

---

Bundi_Mkavu

Nyongeza. Mtu akilalamika kwamba haya ni mambo ya Ulaya, mpe Walenisi, riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo cha kwenda angani, anakiongoza na kufika nchi nyingine iliyopangika kinyume na kwao. Ni tashtiti yenye makali, vicheko vyake ni vya uchungu kuliko vya Adams. Jina la nchi likivunjwa linasomeka "wale ni sisi", na hapo hoja iko ndani ya neno moja ambalo hakuna mtafsiri atakayelivusha salama. Kinafaa kikao cha tano, mkipata.

---

Chui_wa_Kabati

Kalamu, mashine yako ya K ina tundu. "Kila kitu" inaanza na K. Klapaucius ataagiza hivyo mwishoni, nyota zote zinarudi, na hadithi imekwisha bila hasara.

---

kalamu_ya_mkaa

Umenikamata, lakini tundu lenyewe ni zuri. Weka sharti mwanzoni kabisa, Trurl alitamke akiiwasha: neno moja tu kwa agizo. "Kila" peke yake si kitu cha kutengenezwa, na mashine itasubiri neno la pili ambalo haliruhusiwi. "Kila kitu" si jina la kitu kikubwa sana, kama ambavyo "hakuna kitu" si jina la kitu kidogo sana.

Mshiriki akiagiza "kitu", ipe ruhusa. Itamtolea kimoja, itakachokichagua yenyewe. Mimi ningeandika kwamba imetoa kijiko.